Tutozeni kwa saa ambayo waya umejaa: barua ya wazi kwa wanaopanga tozo za mtandao wa umeme

Waheshimiwa wajumbe wa mamlaka za udhibiti wa nishati, na wakuu wa makampuni ya usambazaji umeme,

Bili ya umeme ina pesa za aina mbili ambazo mteja wa kawaida hazitenganishi kwa urahisi. Kuna pesa ya umeme wenyewe, ule uliozalishwa kwenye mitambo, na kuna pesa ya njia ulikopita: minara, nguzo, nyaya, vituo vya kupozea, transfoma ya mtaani. Barua hii inahusu hiyo ya pili. Ndiyo mnayoipanga ninyi, na kwa namna inavyotozwa mahali pengi, inamwambia mteja jambo lisilo la kweli.

Inamwambia kwamba kila uniti, yaani kilowati moja ikitumika kwa saa moja, inaugharimu mtandao sawasawa. Uniti iliyochemsha maji saa nane usiku, nyaya zikiwa karibu tupu, inalipiwa njia kwa kiwango kilekile na uniti iliyochemsha maji saa moja jioni, wakati watu wamerudi nyumbani, majiko yamewashwa, viyoyozi vinanguruma na transfoma imeelemewa. Ombi langu kwenu ni moja, na mengine yote nitakayoandika yanalitumikia hilo: tutozeni kwa saa ambayo waya umejaa, na saa nyingine mtuachie kwa bei ndogo inayoonekana wazi, ili anayeweza kuhama ahame na afaidike kwa kuhama kwake.

Mtandao hujengwa kwa ajili ya saa yake mbaya kuliko zote. Mhandisi anayechagua unene wa kebo haanzi na jumla ya uniti za mwaka. Anauliza mzigo mkubwa kabisa utakuwa kilowati ngapi, na utatokea lini. Kebo ikishafukiwa na transfoma ikishafungwa, kupitisha uniti moja zaidi saa za utulivu hakuna gharama ya maana isipokuwa joto kidogo linalopotea njiani. Kuongeza kilowati juu ya kilele, yaani juu ya huo mzigo mkubwa kabisa, ndiko kunakoleta mitaro mipya, kebo mpya, na mali ambayo wateja watailipia kwa miongo kadhaa. Jambo hili lilisemwa zamani sana. John Hopkinson, mhandisi Mwingereza, alilieleza mwaka 1892: gharama kubwa ya kampuni ya umeme ni ya kukaa tayari, kwa hiyo si haki kumtoza mteja kwa uniti peke yake bila kutazama ukubwa wa mzigo anaouhitaji. Zaidi ya miaka 130 imepita. Leo zipo mita zinazorekodi matumizi kila baada ya dakika 15, na bado wateja wengi wa majumbani wanalipia njia kana kwamba mita inayojulikana duniani ni ile ya sahani izungukayo.

Chukueni kebo moja inayohudumia nyumba 20, na kila nyumba ina gari la umeme linalohitaji uniti 10 usiku huo. Chaja ya nyumbani ya kawaida ni ya kilowati 7. Wote wakichomeka wanapofika, kebo inabeba kilowati 140 kwa muda usiotimia saa moja na nusu, kisha kimya mpaka asubuhi. Mzigo huohuo ukitandazwa katika saa 8, kebo inabeba kilowati 25. Uniti ni zilezile 200, na kila dereva anaondoka asubuhi na chaji yake. Lakini usiku wa kwanza umedai kebo yenye uwezo wa zaidi ya mara tano ya ule wa usiku wa pili. Na kwa kuwa joto la waya hupanda kwa kipeo cha pili cha mkondo, umeme uliopotea njiani kwa sababu ya mzigo huo nao ni zaidi ya mara tano. Transfoma nayo haisahau: karatasi inayohami koili zake, joto likizidi kiwango ilichoundiwa, huzeeka kwa kasi maradufu kwa takriban kila nyuzi 6 zinazoongezeka. Pamoja na yote hayo, tozo ya uniti inazitoza usiku hizo mbili sawa kabisa. Mtu aliyeuokoa mtandao na mtu aliyeuelemea wanapokea bili zinazofanana.

Wapo kati yenu mlioliona hili na mkalikimbilia jibu la pili, yaani kumtoza mteja kwa kilele chake mwenyewe. Huko Flanders, Ubelgiji, tangu Januari 2023 sehemu kubwa ya tozo ya mtandao kwa nyumba zenye mita za kidijitali inafuata wastani wa vilele vya miezi 12, kila kilele kikipimwa kwa robo saa, na kima cha chini ni kilowati 2.5. Norwei, tangu Julai 2022, humweka mteja kwenye ngazi kufuatana na wastani wa saa tatu nzito kuliko zote katika mwezi, kila moja kutoka siku yake. Hizi ni hatua za mbele na waliozichukua nawaheshimu. Zinamfundisha mtu asiwashe jiko, hita na chaja kwa mpigo mmoja.

Hata hivyo kilele changu na kilele cha kebo ni vitu viwili. Nikichaji gari kwa kilowati 7 saa tisa usiku, mtaa mzima ukiwa umelala, nimeutendea mtandao wema, lakini tozo ya kilele binafsi inaniandikia kosa lilelile la aliyechaji saa moja jioni. Kibaya zaidi, inaniambia nisambaze matumizi yangu sawasawa mchana kutwa na usiku kucha, hata kama kusambaza huko kunanirudisha ndani ya saa za msongamano. Nyumba yangu inakuwa tambarare. Kebo inaendelea kuwa na kilima chake. Norwei walau wameongeza tofauti ya bei ya uniti kati ya mchana na usiku, na hilo linapunguza makali.

Kama mnataka kupima kilele, kipimeni ndani ya saa za msongamano tu, na nje ya hapo kilowati ziachwe huru mpaka ukomo wa fyuzi. Uhispania iko karibu na wazo hili. Tangu Juni 2021 mteja wa nyumbani huko anaweza kuwa na viwango viwili vya uwezo kwenye mkataba mmoja: kimoja cha kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita usiku, Jumatatu hadi Ijumaa, na kingine, kikubwa zaidi akitaka, cha kuanzia saa sita usiku hadi saa mbili asubuhi pamoja na Jumamosi na Jumapili nzima. Mwenye gari anaomba uwezo mdogo mchana na mkubwa usiku, anaelewa anachokilipia, na hahitaji kutazama mita kila saa. Napenda sana urahisi huo.

Mfano unaonisikitisha kuliko yote unatoka viwandani, na naomba mnivumilie nikae hapo kidogo. Ujerumani ina kanuni inayokipa kiwanda punguzo kubwa la tozo ya mtandao kikitimiza masharti mawili: kitumie zaidi ya gigawati-saa 10 (uniti milioni 10) kwa mwaka, na kifikishe saa za matumizi 7,000. Saa hizo hupatikana kwa kugawa uniti za mwaka mzima kwa kilele cha mwaka. Punguzo linaweza kufika asilimia 80 kwa saa 7,000, asilimia 85 kwa saa 7,500, na asilimia 90 kwa saa 8,000. Mwaka una saa 8,760. Kwa maneno mengine, kiwanda kinatuzwa kwa kutoyumba, usiku na mchana, msimu kwa msimu. Kanuni hiyo ina mantiki ya enzi ambayo umeme ulitoka kwenye mitambo mikubwa ya makaa na nyuklia iliyozunguka bila kupumzika, na mteja asiyeyumba alikuwa msaada.

Sasa upepo na jua vimechukua nafasi kubwa. Kiwanda chenye kilele cha megawati 10 (kilowati 10,000) kinatumia uniti milioni 71 kwa mwaka: saa za matumizi ni 7,100, na punguzo liko salama. Usiku mmoja upepo ni mwingi, umeme sokoni ni wa bei ya chini kabisa, nyaya zina nafasi, na meneja wa tanuri anaona angeweza kupanda hadi megawati 11. Akifanya hivyo kwa robo saa tu, kilele cha mwaka kinakuwa 11, saa zinashuka hadi kama 6,450, na punguzo lote linayeyuka. Hataongeza. Na jioni ambayo mtandao umebanwa, akipunguza mzigo kwa saa chache, uniti alizoziacha zinamsogeza karibu na mstari huohuo asioweza kuuvuka. Hatapunguza pia. Tozo ya mtandao imemfunga mikono mtu ambaye mtandao unamhitaji. Bundesnetzagentur, mdhibiti wa huko, alianza mwaka 2024 mchakato wa kuibadilisha kanuni hiyo, na nawaomba wadhibiti wengine mpekue vitabu vyenu vya bei. Kila mahali penye punguzo la mteja asiyeyumba, au adhabu ya kilele bila kujali saa, pana mtu mwenye tanuri, chumba cha baridi au pampu kubwa aliyekatazwa kusaidia.

Nyumbani, msitegemee mtu akae macho. Bei inayobadilika haina faida kama inamtaka mama aliyechoka asimame mbele ya mita akihesabu. Kinachohama ni mashine. Tangi la maji ya moto la lita 200 linahitaji kama uniti 10 na nusu kuyatoa maji nyuzi 15 na kuyafikisha nyuzi 60. Kwa koili ya kilowati 3 ni saa tatu na nusu. Likiwa limefunikwa vizuri lisipoteze joto, ayaogaye maji hayo asubuhi hawezi kujua kama yalichemshwa saa tatu usiku au saa tisa. Nyuzilandi wamekuwa wakiyazima na kuyawasha matangi kwa ishara zinazopita kwenye nyaya zilezile za umeme tangu miaka ya 1950, kabla hata ya kompyuta kuwa kitu cha kawaida. Gari lililoegeshwa saa kumi na mbili, jokofu kubwa la ghala, pampu ya kujaza tangi la juu, betri: hivi vyote vina hifadhi ndani yake, na hifadhi ndiyo inayoweza kusubiri. Taa haisubiri. Chakula cha jioni hakisubiri. Tozo nzuri inalenga vinavyosubiri, na bei yake inasomeka na kifaa bila mtu kubonyeza chochote.

Ndiyo maana tofauti ya bei iwe na maana. Mkiweka saa ya kilele ghali kwa asilimia 10 kuliko saa nyingine, hakuna atakayefunga swichi ya muda, na mwaka ujao mtasema wateja hawabadiliki. Australia Kusini, kampuni ya usambazaji SA Power Networks ilianza Julai 2020 kutoza njia kwa robo tu ya kiwango cha kawaida kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, kwa sababu paneli za sola za juu ya mapaa zilikuwa zinamwaga umeme mwingi mchana kuliko nyaya zilivyozoea. Robo ya bei inasikika. Inamfanya mtu amwite fundi.

Mfano huo una funzo jingine: saa za nafuu hazikuandikwa kwenye jiwe. Kwa miongo mingi usiku ndio ulikuwa wakati wa kupunguziwa, kwa sababu mitambo ilikuwa inazunguka bila wateja. Mahali penye sola nyingi, mchana sasa ndio mwepesi. Ufaransa, ambayo imekuwa na saa zake nane za nafuu kwa muda mrefu, ilianza Novemba 2025 kuhamisha baadhi ya saa hizo kwenda mchana, kati ya saa tano asubuhi na saa kumi na moja jioni, kwa mamilioni ya wateja na kwa awamu. Hivyo ndivyo inavyopaswa kufanyika: taratibu, kwa taarifa ya mapema, bila kumshtua aliyenunua kifaa akitegemea ratiba ya jana. Aliyetumia pesa yake kuhama anastahili kujua ratiba haitageuzwa miezi mitatu baadaye.

Kuna hatari ambayo lazima niitaje kwa sababu ni kubwa, na wanaopigia debe bei za saa huikwepa. Mkitangaza kwamba nafuu inaanza saa sita kamili usiku, mashine zote zitaamka saa sita kamili usiku. Zile nyumba 20 za kebo yetu, ambazo jioni zilichomeka kwa kutofautiana dakika, sasa zinaanza sekunde moja, na mmezalisha kilele kipya kikali kuliko cha zamani. Uingereza iliona hilo: kanuni zake za chaja za magari zilizoanza kutumika Juni 2022 zinataka kila chaja mpya ya nyumbani iwe na uwezo wa kuchelewesha kuanza kwa muda wa kubahatisha, kwa kawaida hadi dakika 10. Ni dawa nzuri ya mshtuko wa ghafla, ila dakika 10 haziondoi kilima cha saa nzima. Kwa hiyo gaweni wateja katika makundi yenye saa za nafuu zinazopishana. Na pale magari na pampu za joto (mashine za umeme za kupasha nyumba joto) zinapoongezeka haraka kuliko kebo, tumieni mkataba wa kupunguziwa mzigo. Ujerumani, kwa mashine za zaidi ya kilowati 4.2 zilizounganishwa tangu Januari 2024, msambazaji anaruhusiwa kuzibana wakati mtandao uko hatarini, lakini si chini ya kilowati 4.2, mteja anapata punguzo la tozo, na msambazaji hawezi tena kumkatalia kuunganishwa kwa kisingizio cha kebo ndogo. Gari linaendelea kuchaji, polepole. Bei ya saa inafanya kazi ya kila siku, na mkataba huu unashika zile jioni chache ambazo bei imeshindwa.

Msiifanye tozo kuwa mchezo wa kubahatisha pia. Kwa miaka mingi Uingereza iliwatoza wateja wakubwa kwa nusu saa tatu tu za mwaka, zile nzito kuliko zote kati ya Novemba na Februari, zikiachana kwa siku 10 au zaidi, na zilijulikana baada ya msimu kwisha. Wenye wataalamu wa kubashiri walizikwepa. Walizima mitambo au kuwasha jenereta zao, na gharama ya nyaya zilizokwisha kujengwa ikabaki palepale ikiwasubiri wasioweza kubashiri. Mdhibiti akaufanyia mageuzi mfumo huo, na tangu Aprili 2023 sehemu kubwa ya pesa hiyo hukusanywa kwa ada zisizobadilika. Tenganisheni gharama mbili: ya upanuzi ambao unaweza kuepukika, hiyo iwekwe kwenye saa za msongamano kwa ukali wake wote, na ya nyaya za zamani, ambayo hakuna kuhama kutakakoifuta, hiyo ikusanywe kwa ada isiyobadilisha tabia.

Lakini ada hiyo isiwe sawa kwa wote, nawasihi. Chumba kimoja chenye taa mbili na jokofu hakiwezi kulipa sawa na jumba lenye bwawa la kuogelea. Ipangeni kwa ukubwa wa laini inayoingia nyumbani, au kwa madaraja ya matumizi. Na kuna watu ambao hawana cha kuhamisha: mgonjwa anayeishi kwa mashine ya oksijeni, mpangaji ambaye hita si yake, familia yenye watoto wadogo ambao jioni ndiyo siku yao yote. Wengi wao hawatumii umeme mwingi, na tozo iliyopimwa vizuri inaweza hata kuwapunguzia. Bado wanaogopa, na hofu yao ni ya haki. Mwaka wa kwanza wapeni bili zenye hesabu mbili, ya zamani na mpya, na walipe ile ndogo. Wenye mashine za uhai waondolewe kabisa kwenye bei ya kilele.

Kwa ulinzi huo, kuweni na ujasiri wa kuifanya tozo ya saa iwe ndiyo ya kawaida, na asiyeitaka ajitoe. Huko Sacramento, California, kampuni ya umeme ya umma ilijaribu njia zote mbili kati ya 2012 na 2013. Walipoalikwa kujiunga, waliokubali hawakufika mmoja kati ya watano. Walipowekwa moja kwa moja wakiwa na haki ya kutoka, zaidi ya tisa kati ya kumi walibaki. Kila mmoja wao alipunguza kidogo kuliko wale wa kujiunga kwa hiari, lakini kwa wingi wao jumla ilikuwa kubwa zaidi.

Yapo ya kufanywa kabla ya kupandisha bei yoyote, na haya ndiyo ninayoyadai kwanza. Chapisheni mzigo wa kila kituo cha kupozea na wa kila laini inayotoka humo, saa kwa saa, mwaka mzima, ili kila mtu aone waya wake unajaa lini. Elezeni kwa lugha ya kawaida mlivyozipata saa mnazoziita za kilele. Wekeni kwenye mikataba ya wauzaji wa umeme sharti kwamba tozo ya njia ionekane kwenye bili kwa saa zake, isifichwe ndani ya bei moja bapa inayoua ishara yote. Kisha tupeni tarehe ya kuanza, pamoja na mwaka mzima wa kujiandaa.

Wenu katika kulipia nyaya hizi,

Mteja wa mtandao